Akina Mama Waliposhuka kwenye Pikapu

Ilianza Jumamosi ya pili ya Aprili, saa nane na dakika arobaini mchana. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimekodolea macho saa ya ukutani kwenye wodi ya wazazi ili mtu yeyote asinisemeshe. Dada yangu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na mtoto wa siku nne kifuani, mtoto amevalishwa kofia ya sufu iliyomfika kwenye nyusi. Dada alikuwa amejifungua kwa upasuaji. Daktari alimruhusu aende nyumbani, lakini alirudia mara mbili kwamba asiinue kitu kizito na asirushwerushwe kwenye gari, nyuzi bado ni mbichi. Baba alikuwa anaitikia, "Sawa daktari, sawa daktari," huku mvua ikipiga dirisha, na mimi nikaanza kuogopa hapo hapo, kabla hata hatujatoka.

Baba ni dereva wa pikapu hapa mtaani Jericho. Anawabebea watu vitanda na makabati wakihama, anabeba mboga za soko, anabeba viti vya matanga. Pikapu yake ni ya zamani na inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Ya mbele kazi yake ni kugeuka tu. Kwenye lami hilo si shida. Kwenye matope, sehemu ya nyuma ikiwa tupu inakuwa nyepesi, magurudumu yanazunguka bila kushika chini, na mkia wa gari unakwenda unakotaka wenyewe. Ndiyo maana mvua za Machi zikianza Baba huweka magunia matatu ya mchanga nyuma, juu kabisa ya ekseli, na hayatoki hadi Juni.

Najua haya kwa sababu alikuwa akinifundisha kuendesha. Likizo ya Desemba, Jumapili jioni watu wakishaondoka, tulikuwa tunaenda kwenye uwanja ulio nyuma ya kanisa, mimi na yeye tu. Nina miaka kumi na saba na sina leseni, na Mama hakuambiwa. Darasani siwezi hata kusoma kwa sauti. Zamu ikinikaribia nahesabu madawati yaliyobaki. Lakini uwanjani pale niliweza, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuniangalia.

Jumamosi hiyo Baba alikuwa ametoa mchanga. Huku kwetu mzazi aliyetoka kujifungua harudi nyumbani peke yake. Akina mama wa kanisa humsindikiza na kumpelekea unga wa uji, sukari, nepi, viazi, na sabuni ya kufulia ya kutosha miezi kadhaa. Wanamfikisha mlangoni wakiimba, wanamwombea mtoto, ndipo wanakunywa chai. Walikuja watano na mizigo yao, pamoja na kuku mmoja aliyefungwa miguu, na ilibidi wapate mahali pa kukaa chini ya turubai la nyuma.

"Mzee, leo mchanga wako uko wapi?" aliuliza mama mmoja mwembamba anayeuza sukuma wiki sokoni. Humkodi Baba kila wiki, kwa hiyo anaijua pikapu kama kibanda chake.

"Mchanga wa nini na nimebeba akina mama watano?"

"Mwenyekiti, umesikia? Tumefanywa kokoto."

"Mimi si kokoto," mwenyekiti wa akina mama akasema, akajivuta juu hadi pikapu ikainama. Ni mama mnene, mwenye sauti ya taratibu, na ndiye aliyenifundisha Sunday school nikiwa mdogo. "Mimi ni lori zima."

Walicheka, wakafunga turubai, wakaanza kuimba. Mbele tulikaa watatu: Baba kwenye usukani, mimi katikati na gia kati ya magoti, Dada na mtoto upande wa mlango wa kushoto.

Dada anaishi ng'ambo ya Ruai, kwenye ploti ambayo yeye na mumewe wamejenga vyumba viwili. Shemeji alikuwa kazini mbali, angefika Jumatatu. Mama alikuwa ametangulia tangu asubuhi kuwasha jiko na kupasha nyumba joto. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa moja tu, kumfikisha Dada na mtoto salama.

Lami iliisha, na nyimbo nazo zikaisha. Huko udongo ni mweusi, ule ambao ukikauka hupasuka hadi mkono ukaingia, na ukilowa hunata kama ugali ambao haujaiva. Ulikuwa umelowa siku tatu. Pikapu ilianza kwenda mbele na ubavuni kwa wakati mmoja. Baba alikuwa anageuza usukani kidogo huku, kidogo kule, kama mtu anayetuliza mtoto, na hakusema chochote. Baba akinyamaza garini ndipo mimi huanza kuomba. Kila tuliporuka shimo Dada alivuta pumzi kwa meno, na kila alipovuta pumzi mimi nilishika dashibodi, utadhani ndiyo inayouma.

Karibu na kwake kuna bonde dogo. Barabara inashuka, inapita juu ya kalvati, yale mabomba ya saruji ya kupitishia maji, halafu inapanda. Upande wa kushoto walikuwa wamechimba mtaro wa kupitishia maji na hawakuumaliza, na sasa ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai yanayokimbia. Sikuweza kuona chini. Hatukufika kwenye kalvati. Hatua kama hamsini kabla ya hapo gurudumu la nyuma liliingia shimoni, Baba akajaribu mara mbili, gari likaguna na kubaki pale pale. Akaacha. Mbele, maji yalikuwa yanapita juu ya barabara na kalvati yenyewe haikuonekana.

"Siwezi kupita hapo bila kujua ukingo uko wapi," akasema.

Tatizo la pili lilikuwa starta. Injini ikizima ikiwa moto, haiwaki hadi gari lisukumwe, na kwenye matope yale lingesukumwa na nani.

Baba akafungua mlango. "Wewe, njoo hapa."

"Mimi?"

"Dada yako ana mtoto mkononi. Kanyaga mafuta kidogo tu isizime. Naenda kupima kalvati kwa fimbo. Nikiinua mkono, gia ya pili, si ya kwanza, ya kwanza itachimba. Achilia klachi polepole. Usukani uwe mnyoofu. Ukishaanza kutembea usisimame hadi uvuke."

"Baba, siwezi."

"Unaweza. Kule uwanjani ulikuwa unafanya nini?"

"Uwanjani wapi?" Dada akauliza. Baba alikuwa ameshashuka.

Nilisogea nyuma ya usukani. Kiti kilikuwa bado na joto la Baba, na pedali zilikuwa mbali. Ilibidi nikae ukingoni kabisa. Nilimwona akishuka taratibu kwenye mvua, suruali ameikunja, fimbo mbili mkononi. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya mafuta, na injini ikatetemeka nao, juu, chini, juu, chini. Dada akasema, "Tulia." Nikamwambia nimetulia.

Kisha nikahisi gari linainuka. Liliinuka kidogo, likatulia, likainuka tena, kama mtu anayevua viatu kimoja kimoja. Nilijua mara moja ni nini. Nikaangalia kioo cha pembeni nikaona leso ya kijani, halafu nyingine, halafu gunia la viazi likishushwa kwenye matope.

Mwenyekiti akaja dirishani. Alikuwa ameshavua viatu, miguu imezama hadi kwenye vifundo.

"Tumeshuka, binti," akaniambia kwa ile sauti yake ya kanisani. "Haifai watu wazima watano kukalia gari na mzazi amekwama ndani. Mizigo pia tumetoa. Sasa ni jepesi, sisi tutasukuma. Wewe twende tu."

Nilichohitaji kusema kilikuwa kifupi: rudini, gari linahitaji uzito. Kilikuwa mdomoni. Nilifungua mdomo. Lakini huyu ni mama aliyenishika mkono kunifundisha kuandika herufi, amelowa hadi magotini kwa ajili yetu, ameshuka kwa adabu, na mimi niliyekuwa ndani penye ukavu ndiye nimwambie arudi? Ningemwambia kwa mdomo gani? Na ikiwa nimekosea? Nyuma yake wale wengine wanne walikuwa wananitazama, mvua inawatiririka usoni.

Nikasema, "Asante, Mama."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nilijua, nikasema asante.

Wote watano walikwenda nyuma kusukuma, turubai likawaficha. Baba akiwa kule kwenye kalvati hangeweza kuona kwamba hakuna mtu ndani. Alikuwa ameshachomeka fimbo mbili majini, moja kila upande, kunionyesha pa kupita. Akatusogelea kidogo, akasimama, akainua mkono.

"Baba ameinua mkono," Dada akasema.

"Nimeona."

"Si basi uende?"

Nilitia gia ya pili. Niliachilia klachi polepole, nakumbuka kabisa ilikuwa polepole. Nyuma nikasikia, "Moja, mbili, sukuma." Magurudumu yakalia. Gari halikwenda mbele. Nikaogopa, na kwa kuogopa nikakanyaga mafuta zaidi, na hapo mkia wa pikapu ukatoka shimoni ukaenda kushoto, laini kabisa, bila kelele, kama droo inayovutwa. Ukaenda, ukaenda, halafu upande wa kushoto wa nyuma ukakosa ardhi.

Tuliinama. Dada akateleza hadi bega likagonga mlango, na kwenye dirisha lake hapakuwa na barabara tena, maji tu, karibu mno, yakikimbia. Nilikanyaga klachi na breki hadi mwisho na kuvuta handibreki kwa mkono mzima. Injini ilikuwa bado inanguruma. Mtoto hakulia, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Nilimtazama nikaona kofia tu, nikafikiri amebanwa, halafu nikaona kidole chake kimoja kinasogea kwenye nguo ya Dada.

"Tumbo," Dada akasema. Hakusema lingine.

Nyuma mtu alikuwa anaita jina la Yesu. Mama wa mboga alikuwa ameanguka kifudifudi gari lilipomponyoka mikononi. Mwenyekiti akafika dirishani kwangu akihema, akaingiza mikono yote miwili.

"Nipe mtoto."

Dada akatikisa kichwa.

"Mzazi, nipe mtoto. Gari linaenda."

"Simtoi. Kama linaenda, tunaenda naye."

Dada mwenyewe hangeweza kutoka. Mlango wake ulikuwa juu ya mtaro, na kutokea kwangu ilibidi apande mlima wa kiti na kunipita, na mimi niondoe miguu kwenye pedali. Nikaanza kufikiria namna ya kumvuta, na hapo gari likashuka tena, kama upana wa kiganja. Nililisikia kwenye makalio kabla ya kulisikia masikioni. Likasimama.

Sijui sauti ilitoka wapi. Haikuwa nzuri, ilikuwa kama ya kondakta.

"Pandeni. Rudini nyuma nyote. Kaeni upande huu wangu. Rudisheni na magunia."

Mwenyekiti akatoa mikono dirishani.

"Wee, tupande gari linaloanguka?" Mama wa mboga alikuwa amesimama, uso wote mweusi kwa tope, macho tu yanaonekana.

"Linaanguka kwa sababu ni tupu. Mama, panda. Panda sasa hivi."

Sikusema tafadhali. Nilimpigia kelele mwenyekiti wa akina mama kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. Na nilikuwa namwomba kitu kikubwa, nilikijua: kama mimi nimekosea tena, ataingia mtaroni pamoja nasi. Aliangalia mtaro, akaniangalia mimi. Kisha akakunja leso, akaenda nyuma, na nikahisi pikapu ikipokea uzito wake. Upande wa kulia ulishuka, ukakaa. Ulikuwa uzito mtamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuhisi. Wakapanda wengine, mmoja mmoja, wakaburuta viazi, wakaburuta unga. Kuku alikuwa anapiga kelele ambayo mtoto alikataa kupiga.

Baba alikuwa amefika. Alikuwa amekimbia kwenye matope yale hadi kiatu kimoja kikabaki njiani. Akaangalia gurudumu la kushoto, akaangalia turubai, na nikaona uso wake ukielewa.

"Mlishuka?"

"Tulitaka kulipunguzia mzigo," mwenyekiti akasema kutoka ndani.

Baba akazunguka mbele ya gari. Akaja kwangu. "Miguu iko wapi?"

"Klachi na breki."

"Usiitoe."

"Baba, njoo uendeshe wewe."

"Ukitoka hapo litateleza. Kaa hivyo hivyo."

Alibeba mawe kutoka kwenye rundo la ujenzi lililokuwa kando ya barabara, moja moja, akiyapanga chini ya magurudumu ya nyuma. La kushoto alilipanga akiwa amelala kifua kwenye matope, mkono umeingia majini hadi begani. Mguu wangu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nilikuwa nauambia kwa sauti ya chini usiondoke, usiondoke, na Dada akafikiri namwambia yeye, akasema, "Niende wapi."

Baba alipomaliza akapanda kwenye bampa ya nyuma, upande wangu, akashika chuma cha turubai. Sasa wote walikuwa ndani au juu ya gari hilo. Niliyekuwa naliendesha ni mimi.

"Gia ya pili," akaniambia kwa sauti, uso wake ukionekana kwenye kioo cha pembeni. "Ukianza, usisimame. Pita kati ya fimbo."

Niliachilia handibreki na gari likarudi nyuma kidogo, na mama mmoja akasema, "Mungu wangu," kwa utulivu kabisa. Nikaachilia klachi. Magurudumu yakasaga jiwe, nikanusa mpira unaoungua. Gari likatetemeka mahali pamoja. Kisha upande wa nyuma ukapanda, kitu kikagonga chini, na dirisha la Dada likaacha maji likaona nyasi.

Nilitaka kusimama. Mwili wangu wote ulitaka kusimama pale na kutoka na kutapika. Lakini tulikuwa tunashuka bondeni na fimbo mbili zilikuwa zinakuja, nyembamba, moja imeanza kuinama kwa maji. Nilipita kati yake. Maji yalipiga chini ya miguu yangu kwa sauti ya ngoma, injini ikakohoa mara moja, na sikupumua hadi pua ya gari ilipoelekea juu. Nilipanda hadi penye changarawe karibu na lango la Dada, nikasimama, nikavuta handibreki. Baba alifungua mlango na kuanza kunitoa vidole kwenye usukani.

Nyumbani kwa Dada, Mama alitupokea mlangoni, akatazama matope, akanitazama nikishuka upande wa dereva, hakuuliza. Nafikiri alikuwa anahifadhi maswali ya baadaye. Muuguzi mstaafu anayeishi ploti ya pili alikuja kuangalia tumbo la Dada akasema nyuzi zimeshika, alale chali. Mtoto alinyonya. Akina mama waliosha miguu kwenye beseni moja, wakaimba wimbo mmoja tu badala ya sita, wakaketi na chai.

"Huyu msichana," mama wa mboga akasema, "tangu nimjue sijawahi kumsikia akitoa salamu. Leo amemfokea mwenyekiti."

"Alinifokea," mwenyekiti akakubali. "Na nikapanda mbio. Hata mume wangu hajawahi kunipandisha gari hivyo."

Walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Walinisifu. Wakasema nimewaokoa. Kisha Baba, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na mlango, akasema, "Kosa ni langu. Nilitoa mchanga, halafu nikaondoka bila kuwaambia msishuke. Mngejuaje?" Alisema mbele ya wote.

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nikanyamaza, mara ya pili siku hiyo.

Barabara haikupitika tena. Mwenyekiti na wenzake walikubali kulala sebuleni, wamepangana kwenye mikeka, na mimi nililala sakafuni kando ya kitanda cha Dada. Kila nilipofumba macho gari lilishuka upana wa kiganja.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, Dada alikuwa ameamka ananyonyesha. Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama mguu wa kitanda.

"Nilijua wasishuke. Baba alinifundisha. Niliwaona wakishuka nikasema asante."

Alimhamisha mtoto upande wa pili, polepole, akishika tumbo kwa mkono.

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya," akasema. Alilirudia neno hilo kana kwamba anaangalia ubaya wake. "Mimi nilikuwa natazama maji yale nikichagua nani nimshike kwanza, mtoto au wewe." Kisha akageuza uso ukutani. "Baba amekuwa akikohoa nje tangu saa kumi. Hajalala. Nenda ukamwambie."

Nilitoka bila viatu. Mvua ilikuwa imekatika. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la kushoto, anakwangua tope kwa kipande cha ubao, na mgongo wa shati lake ulikuwa bado na udongo wa jana. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, nimesimama nyuma yake.

Jirani alikuwa anawasha jenereta. Baba akageuka nusu, akaweka mkono sikioni.

"Unasema?"

Nikazunguka nikasimama mbele yake, nikarudia.